Mwulize mama yako kama bibi alivunjika nyonga

Mama mkubwa aliinua ndoo ya maji bafuni akasikia kitu kimelia "ta!" mgongoni, kama kijiti kikavu. Hakuanguka. Ndoo yenyewe haikuwa hata ya lita 20, ilikuwa ile ndogo ya kuogeshea wajukuu. Akaketi kizingitini akasema baridi ya alfajiri imemwingia. Hii ilikuwa Tanga, na alikuwa na miaka 63. Kwa wiki sita alikandwa maji ya moto na kuchuliwa mafuta ya karafuu, na kwenye zahanati akapewa vidonge vya kutuliza maumivu. Maumivu yakapungua, lakini dera lake la Idi, alilopimwa na fundi mwenyewe, likaanza kuburura chini upande wa mbele. Watu wakasema kitambaa kimeachia. Kitambaa kilikuwa vilevile. Aliyefupika ni yeye.

Eksirei ilipopigwa hatimaye, pingili mbili za uti wa mgongo zilionekana zimebonyea kama kopo lililokanyagwa. Daktari, kijana mdogo tu, akamwuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: "Mama, mama yako mzazi aliwahi kuvunjika popote?" Mama mkubwa akanyamaza kidogo. Ndipo habari ya bibi ikatoka. Bibi aliteleza akitoka kutawadha, mguu mmoja ukawa mfupi na umegeukia nje, akalazwa kitandani nyumbani, na hakuuona mfungo uliofuata. Ukoo mzima tulikuwa tukisema bibi alikufa kwa uzee. Siku ile nikaelewa kwamba bibi alikufa kwa nyonga.

Naandika makala haya kwa sababu ya swali la yule daktari. Udhaifu wa mifupa kwa wanawake waliokoma hedhi, ugonjwa ambao hospitali huuita osteoporosisi, hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Wanasayansi wametumia zaidi ya miaka 30 kuutafuta urithi huo ndani ya jeni, na wamepata mengi. Lakini ukiniuliza leo ni kipimo gani cha urithi kinamfaa mwanamke wa Tanga, Kisumu au Bujumbura, nitakujibu ni swali lile lile, linaloulizwa kwa mdomo bila senti moja. Na ndilo ambalo kliniki zetu nyingi haziulizi.

Tuanze na mfupa wenyewe. Mfupa hukarabatiwa maisha yote: kuna seli zinazobomoa sehemu zilizochoka na kuna seli zinazojenga upya palepale. Ujanani wajenzi wanawashinda wabomoaji, na mtu hufikia kilele cha mifupa yake akiwa kwenye miaka ya 20 na kitu. Homoni ya estrojeni ndiyo inayowashika wabomoaji wasipitilize. Hedhi inapokoma, estrojeni inashuka, na kile kizuizi kinaondoka. Daktari wa Marekani, Fuller Albright, alilionyesha jambo hili na wenzake mwaka 1941. Katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo baada ya hedhi kukoma, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mifupa yake, na hasikii chochote. Hakuna homa, hakuna uvimbe. Dalili ya kwanza huwa ni mfupa wenyewe kuvunjika, kwenye kifundo cha mkono, kwenye pingili za mgongo au kwenye nyonga.

Kwa hiyo mwanamke anaweza kufika kwenye udhaifu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuanza na akiba ndogo tangu ujana. Ya pili ni kuipoteza akiba kwa kasi, au kuanza kuipoteza mapema kuliko wenzake. Urithi unagusa zote mbili, ila haugusi kwa nguvu sawa. Utafiti wa mapacha, wanaofanana kabisa wakilinganishwa na wasiofanana, umeonyesha kwamba kati ya asilimia 50 na 85 ya tofauti za wingi wa madini kwenye mifupa ya watu inatokana na kurithi. Hiyo hasa ni hesabu ya akiba. Kasi ya kupoteza baada ya hedhi kukoma ni ngumu zaidi kuifuatilia, na hapo mkono wa urithi hauonekani wazi hivyo. Lakini umri wa kukoma hedhi nao hurithiwa, karibu nusu yake. Mama mkubwa alikoma akiwa na miaka 43. Alidhani ni bahati mbaya yake peke yake, mpaka tulipohesabu na kugundua kwamba bibi naye hakupata hedhi tena baada ya kuzaa mtoto wa mwisho akiwa na miaka 41. Kukoma kabla ya miaka 45 ni kuupoteza ulinzi wa estrojeni mapema, na mfupa unailipa ile miaka ya ziada.

Sasa jeni. Mwaka 1994 jarida la Nature lilichapisha utafiti kutoka Sydney, Australia, uliodai kwamba jeni moja tu, ile ya kipokezi cha vitamini D, inabeba hadi asilimia 75 ya nguvu yote ya urithi kwenye mifupa. Fikiria madai hayo yalivyopokelewa! Jeni moja, kipimo kimoja cha damu, na mwanamke anajua kesho yake. Maabara duniani zikakimbilia huko. Mwaka 1997 watafiti walewale wakachapisha marekebisho: baadhi ya sampuli zilikuwa zimesomwa kimakosa, na nguvu ya ile jeni ilikuwa ndogo sana kuliko walivyosema. Mwaka 2006 ikaja hesabu ya watu zaidi ya 26,000 wa Ulaya, na zile alama za kipokezi cha vitamini D zilizokuwa zimezungumzwa miaka yote hazikuonekana kuhusiana na wingi wa madini ya mfupa.

Nawaheshimu watafiti waliosahihisha kazi yao hadharani. Ninachokilalamikia ni kwamba habari ya 1994 ilisafiri mbali kuliko marekebisho ya 1997. Hadi leo kuna vipimo vya vinasaba vinavyouzwa mtandaoni, unatema mate kwenye kichupa na kutuma, na jeni ya kipokezi cha vitamini D imo kwenye orodha ya majibu kana kwamba jambo lile halijawahi kusahihishwa. Binti wa Dar es Salaam analipa, anapokea karatasi yenye rangi nyekundu na kijani, anaogopa au anajidanganya yuko salama.

Jeni nyingine iliyopata sifa ni ya kolajeni, protini inayoshika mfupa kama nondo inavyoshika zege. Mwaka 1996 ilionekana kwamba aina fulani ya jeni hiyo huwapata zaidi wanawake wa Uingereza wenye mifupa dhaifu. Aina hiyo ni nadra sana kwa watu wenye asili ya Afrika. Ukimpima mwanamke wa Kigoma ukaikosa, hujamwambia lolote kuhusu mifupa yake.

Baada ya hapo wataalamu wakaacha kutafuta jeni moja moja, wakaanza kupitia vinasaba vyote kwa mkupuo kwa maelfu ya watu. Mwaka 2012 wakafikia sehemu 56 za vinasaba zinazohusiana na wingi wa madini ya mfupa. Mwaka 2019, kwa kutumia watu 426,824 wa hazina ya taarifa za afya ya Uingereza, waliopimwa kisigino kwa mawimbi ya sauti, idadi ikapanda hadi sehemu 518. Zote zikijumlishwa zilieleza kama asilimia 20 ya tofauti kati ya watu. Hapo ndipo ukweli unapoonekana: urithi wa mifupa ni vijidogo mamia, kila kimoja kikisukuma kidogo, hiki kikiongeza na kile kikipunguza. Na hao watu 426,824 walikuwa Waingereza weupe.

Mchanganyiko wa vijidogo hivyo haukai vilevile kila mahali duniani. Alama inayotabiri vizuri kwa watu wa Bristol hupoteza nguvu ikipelekwa kwa watu wa Mbarara, kwa kuwa mpangilio wa vinasaba vya Afrika ni wa kale zaidi na wenye tofauti nyingi zaidi. Uganda imeonyesha kwamba kazi hii inawezekana kwetu. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya vinasaba vya watu wapatao 6,400 wa Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa nchi hiyo, yakionyesha mambo kuhusu sukari na damu ambayo yasingeonekana Ulaya. Kazi ile ilihusu moyo, damu na sukari. Natamani mifupa ya mabibi wa Kyamulibwa ifuate.

Hata hivyo nisingependa msomaji aondoke akidhani utafiti wa jeni umekuwa kazi bure. Kuna sehemu moja umezaa tunda kubwa, na tunda hilo limetoka Afrika. Kusini mwa bara letu, miongoni mwa Waafrikaner wenye asili ya Uholanzi, kuna familia chache zenye ugonjwa uitwao sklerosteosisi. Mtoto anazaliwa na vidole viwili vimeungana. Anakua mrefu kuliko wenzake, mifupa yake inanenepa na haiachi kunenepa. Matundu ya fuvu yanayopitisha mishipa ya fahamu yanabana, uso unapooza upande mmoja, masikio yanaziba, na fuvu linaanza kuukandamiza ubongo. Baadhi yao walikufa ghafla wakiwa vijana. Lakini madaktari waliowatunza waliona jambo moja la ajabu: watu hawa karibu hawavunjiki mifupa.

Mwaka 2001 jeni iliyoharibika ikapatikana, ikapewa jina SOST. Kazi yake ni kutengeneza protini ya sklerostini, ambayo mfupa huitumia kuwaambia wajenzi "inatosha". Wagonjwa wale hawana sauti hiyo ya kusema inatosha. Na wazazi wao, wenye nakala moja mbovu na moja nzima, walikuwa na mifupa imara kuliko kawaida bila mateso ya watoto wao. Hapo wazo likajileta: je, kama mwanamke aliyekoma hedhi atanyamazishiwa ile sauti kwa muda tu? Dawa ikatengenezwa, romosozumabu, sindano ya kila mwezi kwa mwaka mmoja, ikaidhinishwa Marekani mwaka 2019, pamoja na onyo kwa waliopata kiharusi au shambulio la moyo katika mwaka mmoja uliotangulia. Bei yake haigusiki kwa watu wengi wa kwetu. Lakini ni kweli kwamba wanawake wengi ng'ambo wanatembea leo kwa sababu ya familia chache zilizoteseka katika bara hili.

Nirudi kwetu, kwenye kauli ambayo nimeisikia hata kwa wahudumu wa afya: mifupa ya Mwafrika haivunjiki, huo ni ugonjwa wa wazungu. Kauli hii ina kweli nusu ndani yake, na ndiyo maana haifi. Wanawake weusi wa Marekani kwa wastani wana mifupa yenye madini mengi kuliko wenzao weupe, na huvunjika nyonga mara chache zaidi. Tofauti hiyo ilitumika mpaka kuwafungia mlango. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mivunjiko kwa wanawake wenye miaka 65 na zaidi, ulioanza na wanawake 9,704, uliwaacha nje wanawake weusi tangu mwanzo kwa sababu huvunjika kwa nadra. Waliingizwa miaka kama kumi baadaye. Ukiacha kuwahesabu watu kwa kuwa hawavunjiki sana, wachache wanaovunjika utawajuaje?

Tena, Waafrika wote si kitu kimoja. Kule Keneba, kijiji cha Gambia, watafiti waliwapima wanawake wanaokula kalsiamu isiyofika miligramu 400 kwa siku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1996 yalikuwa kinyume na ya Marekani: madini ya mifupa yao yalikuwa machache kuliko ya Waingereza, na yalipungua baada ya hedhi kukoma kama ya mwanamke mwingine yeyote. Lakini mivunjiko ilikuwa nadra. Labda ni umbo la nyonga, labda ni kazi ya jembe na kukaa chini na kuinuka maisha yote, misuli ikabaki na nguvu. Mimi nayachukua matokeo yale kwa uzito, kwa sababu yanasema kinga yetu, kama ipo, inaweza kuwa ni maisha tuliyokuwa tukiishi kuliko mfupa wenyewe. Na maisha hayo tunayaacha. Mwanamke wa mjini wa miaka 50 leo anakaa dukani au ofisini mchana kutwa na kurudi kwa bodaboda.

Juu ya hayo kuna mizigo mipya ambayo bibi hakuibeba. Maelfu ya wanawake wa Afrika Mashariki walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI wakiwa vijana sasa wanafika umri wa kukoma hedhi. Ni ushindi mkubwa wa afya. Lakini tenofovir, iliyomo kwenye kidonge ambacho wengi wao wanameza, hupunguza madini ya mifupa kwa asilimia 1 hadi 3 hivi katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha upungufu hutulia. Hakuna anayepaswa kuacha dawa hizo kwa sababu hii, hata mmoja, kwani virusi visivyodhibitiwa navyo hula mifupa. Ninachosema ni kwamba mwanamke huyo, kama mama yake alivunjika na yeye anakoma hedhi mapema, amebeba mizigo mitatu kichwani, na kwenye kadi yake ya CTC, kliniki ya huduma na tiba ya UKIMWI, hakuna mahali pa kuandika wa pili wala wa tatu. Waongeze wanaotumia prednisolone kwa miaka kwa ajili ya pumu au lupasi. Waongeze wasichana wanaomeza vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa kwa siri, vingine vikiwa na deksamethasoni, dawa ya jamii ileile inayotafuna mfupa.

Mtu atasema dawa ya yote haya ni kipimo cha DEXA, eksirei maalumu inayopima wingi wa madini ya mfupa. Ni kipimo kizuri. Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka mwaka 1994: ukishuka chini ya wastani wa kijana kwa mara 2.5 ya tofauti ya kawaida kati ya vijana wenyewe (standard deviation), una osteoporosisi. Ila kijana wa kulinganisha naye ni mwanamke mweupe wa Marekani wa miaka 20 hadi 29, na mashine zenyewe kwetu ni chache, ziko mijini, na ni za kulipia. Siwezi kumwambia mama wa Handeni asubiri DEXA.

Ndipo narudi kwenye swali la yule daktari wa Tanga. Ule utafiti wa Marekani niliousema ulionyesha, mwaka 1995, kwamba mwanamke ambaye mama yake alivunjika nyonga ana hatari karibu mara mbili ya kuvunjika nyonga mwenyewe. Na hatari hiyo ilibaki hata baada ya kuzingatia wingi wa madini ya mfupa wake. Maana yake, historia ya mama inabeba mambo ambayo mashine haiyaoni: umbo la nyonga, ubora wa kolajeni, namna ya kuanguka, nguvu ya misuli. Historia hiyo hukusanya zile sehemu 518 na nyingine ambazo hazijagunduliwa, katika damu yako wewe, si ya Mwingereza. Kikokotoo cha FRAX, kinachokadiria hatari ya mtu kuvunjika mfupa, kilichotengenezwa Sheffield, Uingereza, mwaka 2008 kimeliweka swali hilo la mzazi kwenye orodha yake fupi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wizara zetu ni dogo. Mistari mitatu kwenye kadi ya kliniki ya kila mwanamke aliyefika miaka 45: mama au baba alivunjika nyonga au kupinda mgongo? Hedhi ilikoma ukiwa na miaka mingapi? Urefu wako leo ni sentimita ngapi, na mwaka jana? Kipimo cha urefu kipo ukutani kwenye zahanati nyingi. Anayefupika sentimita nne apelekwe akapigwe eksirei badala ya kuambiwa ni baridi.

Na kwa anayegundua ana urithi huu, urithi wa mifupa haujafunga mlango. Uchambuzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2018, wenye watu 37,857 waliovunjika, ulionyesha kwamba wingi wa madini ya mfupa una mchango wa kweli katika kumkinga mtu asivunjike; nguvu ya mkono kushika nayo ilielekea huko, ingawa ushahidi wake haukutosha kuthibitisha. Vitamini D kidogo ya kurithi haikuonekana kumvunja mtu. Kwa hiyo fedha za vikopo vya vitamini, kwa mtu anayepata jua na dagaa na maziwa, naona afadhali zinunue viatu visivyoteleza na mkeka wa mpira wa bafuni, na misuli itumike kila siku. Aliyekwisha kuvunjika pingili ni habari nyingine. Huyo anahitaji dawa. Alendroneti ipo, ni ya zamani na si ghali kama zile mpya, na utafiti wa mwaka 1996 ulionyesha inapunguza mivunjiko ya nyonga na mgongo kwa takriban nusu kwa wanawake waliokwisha kubonyea pingili.

Mama mkubwa humeza yake kila Ijumaa baada ya swala ya alfajiri, kabla ya chai, na glasi nzima ya maji. Masharti ni kukaa wima nusu saa bila kujilaza wala kula. Anakaa kwenye benchi la barazani, mgongo umeegemea ukuta, na nusu saa hiyo huitumia kusimulia habari za bibi. Binti yake, binamu yangu, ana miaka 44 na hedhi yake imeanza kuruka miezi. Amenunua daftari la kliniki. Ukurasa wa kwanza, juu kabisa ya kundi la damu, ameandika kwa wino: Bibi, nyonga. Mama, mgongo, miaka 63. Hedhi ya mama ilikoma 43.